Kiki ya muujiza au kiki ya kazi: ipi inalijengea kundi la dini heshima?

Wazo la jeneza lilitoka kwa kijana wa vyombo vya muziki. Kamati ya uenezi ya kanisa letu ilikuwa imekaa kupanga mkutano wa siku tatu uwanjani, mfuko hauna hata pesa ya tangazo la redio, naye akatuambia tusihangaike. Tununue jeneza, tulibebe tupu kutoka stendi mpaka uwanjani, watu wamevaa nyeusi, kwaya inalia kabisa. Tukifika jukwaani linafunguliwa, ndani kuna makaratasi yameandikwa ulevi, uzinzi, uchawi. "Dar nzima itatuposti," akasema. Mama mmoja mtu mzima akamuuliza taratibu, "Na msiba wa kweli ukipita njia hiyohiyo, mwanangu?"

Nikapewa kazi ya kuandika faida na hasara ili kikao kijacho kiamue. Waliomba ukurasa mmoja, nikashindwa kuishia hapo. Hiki ndicho nilichowapelekea, kimeongezwa nyama kidogo.

Kwanza tusidanganyane kwamba kiki, yaani kioja cha kutafuta kutangazwa, ni mambo ya vijana wa mitandao. Yeremia alijivika nira shingoni akapita nayo Yerusalemu ili ujumbe wake uonekane kabla haujasikika. Isaya alitembea miaka mitatu bila nguo wala viatu. Anayesema mtu wa Mungu hafanyi vioja arudi akaisome Biblia yake. Ubishi wangu uko kwenye aina ya kioja.

Nimezigawa kiki mafungu mawili. Kwenye fungu la kwanza, kiki ndiyo ushahidi wenyewe: jambo kubwa limetokea, tunawatangazia, tuaminini. Kwenye fungu la pili, kiki inanyoosha kidole tu; kinachoonyeshwa kipo mahali fulani, na mwenye mashaka anaweza kwenda kukishika. Nitachukua mfano mmoja mkubwa kutoka kila upande.

Mtoto Eve, 2002

Ijumaa ya 27 Desemba 2002, kwenye hoteli moja ya mji wa Hollywood ulioko Florida (si ule wa sinema), mwanakemia Mfaransa aitwaye Brigitte Boisselier alisimama mbele ya kamera akatangaza kwamba mtoto wa kwanza wa kloni duniani, yaani aliyenakiliwa kutoka chembe za mtu mwingine, amezaliwa jana yake. Ni wa kike, jina Eve. Boisselier aliongoza kampuni ya Clonaid, na papo hapo alikuwa askofu katika kundi la Raël.

Raël jina lake la kuzaliwa ni Claude Vorilhon, Mfaransa aliyewahi kuwa mwimbaji na mwandishi wa habari za mbio za magari. Anasema Desemba 1973, kwenye mlima wa volkano karibu na Clermont-Ferrand, alikutana na kiumbe kutoka sayari nyingine. Mafundisho yake ni kwamba binadamu tuliumbwa maabara na wanasayansi waliotoka angani, na kwamba kloni ndiyo njia ya uzima wa milele. Hapo ndipo uzito wa kiki ile ulipo. Mtoto Eve hakuwa pambo la kuvutia watu waje kusikiliza mahubiri. Yeye ndiye aliyekuwa mahubiri.

Pale hotelini hapakuwa na mama, hapakuwa na mtoto, hapakuwa hata na picha. Iliahidiwa kwamba vipimo vya vinasaba vitafanyika chini ya usimamizi wa mwandishi wa habari za sayansi, Michael Guillen. Tarehe 6 Januari 2003 Guillen akasimamisha zoezi: wataalamu wake hawajafikishwa kwa familia, na jambo zima linaweza kuwa ni uongo uliopangwa ili kundi lipate kutangazwa. Wakili mmoja wa Florida akaenda mahakamani kuomba mtoto ateuliwe mlezi. Mwisho wa Januari Boisselier akaieleza mahakama kwamba mtoto yuko Israeli, hakimu akasema kama ni hivyo yeye hana mamlaka naye, shauri likafa. Wakatangazwa watoto wengine wa kloni baada ya hapo. Mpaka leo hajaonyeshwa hata mmoja.

Faida ilikuwepo, nisiifiche. Kwa wiki kama mbili hakuna tangazo la kulipiwa ambalo lingelifikisha jina la Raël lilikofika. Nakumbuka kijiweni kwetu watu ambao hawajui Ufaransa iko upande gani walibishana kama mtoto wa kloni ana roho. Kama lengo la kundi lilikuwa kujulikana tu, lilijulikana.

Bili ililetwa miaka kumi na moja baadaye, tena Afrika. Clitoraid, shirika lililoanzishwa na watu wa kundi hilohilo, lilijenga hospitali Bobo-Dioulasso, Burkina Faso, kwa ajili ya kuwafanyia upasuaji wa kurekebisha wanawake waliokeketwa. Jengo lilikuwa la kweli. Madaktari walikuja kweli. Wanawake walikuwa wanasubiri. Machi 2014, siku za ufunguzi, serikali ikakataa kutoa kibali. Upande mmoja ulisema makaratasi hayajakamilika, upande mwingine ukasema ni fitina za kidini. Mimi sitaamua kesi hiyo. Nauliza tu: ukiwa ofisa wa wizara, na barua ya kuomba kibali inatoka kwa watu ambao dunia inawajua kwa mtoto asiyeonekana, utaisoma kwa jicho gani?

Viberiti vya Old Ford, 1891

Sasa twende mashariki ya London. William Booth alianza kuhubiri Whitechapel mwaka 1865, na kundi lake ndilo baadaye likaitwa Jeshi la Wokovu. Hawa walikuwa watu wa kiki tangu mwanzo: sare, vyeo vya kijeshi, gwaride barabarani, tarumbeta. Wakristo wa heshima wa wakati ule waliona ni kufuru na sarakasi. Bendi yao ya kwanza ina kisa kizuri. Mwaka 1878 kule Salisbury, mjenzi mmoja na wanawe watatu walijitolea kuwalinda wahubiri dhidi ya wahuni waliokuwa wakiwarushia uchafu. Wakaja na ala zao za shaba. Walikuja kama mabaunsa wakageuka wanamuziki.

Kiki ninayoitaka ni ile ya viberiti. Wakati huo viberiti vya bei chee vilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, sumu iliyokuwa ikiozesha mataya ya wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana. Mwaka 1888 wasichana wa kiwanda cha Bryant & May walikuwa wameshagoma. Mwaka 1891 Jeshi la Wokovu likafungua kiwanda chake Old Ford, kikitumia fosforasi nyekundu isiyo na madhara hayo. Wafanyakazi walilipwa pensi 4 kwa kila grosi, yaani visanduku 144 vya viberiti, wakati kwingine malipo yalikuwa kama pensi 2 na nusu. Viberiti vyenyewe vikaitwa Lights in Darkest England, mwanga ndani ya Uingereza yenye giza nene.

Kisha wakaita waandishi na wabunge. Waliwatembeza kiwandani wakaona madirisha, meza na mahali pa kunywea chai. Halafu wakawapeleka nyumbani kwa wanawake wanaotengeneza viberiti vya fosforasi nyeupe. Inasimuliwa kwamba katika nyumba moja taa ilizimwa makusudi, na gizani yule mama akaonekana anang'aa, taya, mikono, kifua cha blauzi, kwa fosforasi iliyomganda.

Hiyo ni kiki, na ni kali kuliko jeneza letu. Imepangwa, ina jukwaa, ina watazamaji walioalikwa, ina hata mtu wa taa. Lakini hakuna aliyeombwa kuamini kitu. Taya linaonekana. Bei iko kwenye daftari. Kiwanda kina mlango, na mlango una namba.

Kibiashara walishindwa. Viberiti vyao vilikuwa ghali kidogo na maskini hununua cha bei rahisi. Kiwanda hakikudumu zaidi ya miaka kumi hivi. Lakini mwaka 1901 Bryant & May nao waliacha fosforasi nyeupe, na mwaka 1908 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuipiga marufuku. Haikuwa kazi ya Booth peke yake, wale wasichana waliogoma walitangulia. Ila hakuna aliyeweza kusema kwamba Jeshi lilidanganya.

Ukiziweka kiki hizi mbili meza moja

Swali la kwanza ni nani anayeweza kuhakiki. Kwa Eve, ufunguo wa uhakiki ulikuwa mfukoni mwa aliyetangaza. Kwa viberiti, ufunguo alikuwa nao mwandishi yeyote mwenye miguu. Tofauti hii moja inatosha kuamua nusu ya mambo. Kundi likisema "tutaonyesha ushahidi baadaye", limewapa maadui wake kalenda, na kila siku inayopita bila ushahidi inahesabiwa.

Swali la pili ni nani anayegharamika. Clonaid haikugharamika sana kutangaza; ilihitaji ukumbi na kipaza sauti. Booth alitumbukiza pesa kwenye mshahara wa wanawake na hakuzirudisha. Watu wana pua ya jambo hili hata kama hawalisemi. Tukimwona mtu anatangaza jambo linalomuumiza mfukoni, mashaka yanapungua.

La tatu ndilo ninalolipa uzito: kesho yake mtu akigonga mlango anakuta nini? Old Ford angekuta watu kazini. Hapa kwetu, miaka mingi baada ya Booth kufa, Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933. Leo ukipita Mgulani, Barabara ya Kilwa, ipo shule ya Matumaini ya watoto wenye ulemavu. Majirani wengi hawajui lolote kuhusu viberiti. Wanajua shule. Kwa Eve, aliyegonga mlango alijibiwa kwamba mtoto yuko nchi nyingine.

Kuhusu idadi ya waumini sitasema mengi, kwa sababu idadi hudanganya pande zote. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, hakufanya kiki yoyote. Alitoa kikombe cha dawa ya mugariga kwa shilingi 500, habari zikapita mdomo kwa mdomo, na foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi porini. Umati ulikuja bila kuitwa na ukaondoka bila kuagwa. Kuwa na watu na kuaminiwa na watu ni vitu viwili.

Mgeni wa Kawangware

Upo mfano ulio kati kwa kati, na una Kiswahili ndani yake, kwa hiyo siwezi kuuruka.

Aprili 1982 mchoraji wa Uskoti aitwaye Benjamin Creme na wafuasi wake walinunua kurasa nzima kwenye magazeti makubwa ya nchi kadhaa, wakatangaza kwamba Kristo, ambaye wao walimwita Maitreya, ameshafika na atajidhihirisha ndani ya miezi miwili. Creme alisema Maitreya huyo anaishi mashariki ya London, maeneo ya Brick Lane, mwendo mfupi tu kutoka Whitechapel ya Booth. Miezi miwili ikapita. Creme akalaumu vyombo vya habari kwamba havikumtafuta.

Halafu tarehe 11 Juni 1988, kwenye maombi ya Mary Akatsa pale Kawangware, Nairobi, akatokea mtu mrefu mwenye joho jeupe, kilemba na ndevu. Gazeti la Kenya Times likachapisha picha na kuandika kwamba alizungumza Kiswahili kisicho na lafudhi ya kigeni, akawaambia watu Kenya imebarikiwa. Akapanda gari, akashuka mbele kidogo, na wakasema ametoweka. Watu wa Creme wakazichukua picha zile na kuzitumia miaka nenda rudi kama ushahidi kwamba Maitreya ameanza kujionyesha.

Wapo watu wa Kawangware waliotoka pale wameguswa kweli, na sina haki ya kuwacheka. Lakini tazama kilichofanyika kwa mgusiko ule. Jambo la waombaji wa Nairobi liligeuzwa vocha ya kulipia deni la tangazo la London. Na deni halikulipika, kwa sababu kila picha ilizaa swali lilelile: sasa yuko wapi? Creme alifariki mwaka 2016, miaka 34 baada ya ile miezi miwili.

Kiki ya kazi nayo ina majeruhi

Nisije nikaonekana namsafisha Booth. Mwaka 1885 Jeshi lake lilishirikiana na mhariri W. T. Stead wa Pall Mall Gazette kuonyesha kwamba London unaweza kununua mtoto wa kike kama unavyonunua kuku. Ili kuthibitisha, Stead alimnunua kweli. Binti wa miaka 13, Eliza Armstrong, bei pauni 5. Akapelekwa Ufaransa chini ya uangalizi wa Jeshi. Habari ilipotoka London ilichafuka. Jeshi likapeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 300,000, karatasi limeviringishwa likabebwa mabegani na wanaume, na Agosti hiyohiyo umri wa ridhaa ya kufanya ngono ukapandishwa kutoka miaka 13 hadi 16.

Ushindi mkubwa. Ila mama wa Eliza akajitokeza kusema hakujua mwanawe anapelekwa wapi, na baba hakuwa ameulizwa kabisa. Stead akafungwa miezi mitatu. Bramwell, mtoto wa Booth, alishtakiwa pamoja naye akaachiwa huru. Sheria ile imewalinda wasichana wengi sana. Eliza mwenyewe alitumika kama kielelezo. Kwa hiyo ukiniuliza kama kiki ya kazi ni salama, nitakwambia hapana. Inasimama tu kwenye ukweli, jambo ambalo ile nyingine haina. Bado lazima uulize ni nani anayewekwa kwenye picha, na kama amekubali.

Na hatari nyingine ni ya mwili kabisa. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ukishawaambia watu kuna kitu cha dakika moja ambacho atakayekiwahi amepona, hutawapanga foleni tena.

Basi uchague ipi?

Kwa jeneza letu, nilianza kwa kumtetea kijana wa vyombo. Alikuwa hadai muujiza; alikuwa anaigiza mfano, kama Yeremia na nira yake. Shida ni kwamba jeneza kanisani tayari lina historia. Februari 2019 Johannesburg ilisambaa video ya mchungaji Alph Lukau akimwinua mtu kutoka kwenye jeneza. Kampuni za mazishi zikasema zimeingizwa mkenge na zitakwenda mahakamani. Kanisa likaja kusema mtu yule alikuwa ameshakuwa hai alipofikishwa pale. Mitandao ikacheka wiki nzima, watu wakijilaza kwenye masanduku na kuinuka. Sisi tukipita na jeneza stendi, bodaboda wa kwanza atakayetuona ataanza kurekodi akisubiri maiti iamke. Igizo letu litasomwa kwa kamusi ya mwenzetu.

Ushauri nilioandika ulikuwa huu. Kundi likiwa changa, halijulikani, halina jambo lolote mtaani ambalo jirani anaweza kulitaja, lisifanye kiki kabisa mwaka huu. Litafute jambo kwanza. Kama ni kukaa kimya likae. Kundi lenye kazi inayoonekana lipige kelele bila aibu, hata tarumbeta, hata gwaride, mradi mshale uelekee kwenye kazi na aliyemo kwenye picha ameulizwa. Na kundi ambalo ujumbe wake wote ni dai lisiloweza kuonekana kwa macho, uzima wa milele, ujio, uponyaji, hilo ndilo linalopaswa kuiogopa kiki kuliko wote, kwa sababu likikosea mara moja kilichoanguka si tangazo.

Kijana wa vyombo hakukubali. Alisema kwa hesabu yangu Yesu asingegeuza maji kuwa divai. Nilimjibu kwamba ile divai waliinywa. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Walibishana mpaka saa tatu usiku na jeneza likaanguka kwa kura mbili. Jumamosi ya kabla ya mkutano tulizibua mtaro wa nyuma ya soko, ule unaojaa maji meusi kila masika, tukiwa na bango moja na spika moja. Tukajiwekea Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mara ya pili tulikuwa kumi na mmoja, mara ya tatu sita. Kijana wa vyombo alikuja amenuna, akaondoka na tope mpaka magotini, na video yake iliyosambaa kuliko zote ni ya panya aliyetoka kwenye kalavati akamkimbiza shemasi. Jeneza nalo lilikuja, maana fundi alikuwa ameshachukua advansi. Liko stoo. Tunahifadhia nyaya za spika.